Kutazama ndege wa matopeni wakati wa kutaga, kutoka majaruba ya Usangu hadi Kitulo

Yai la kwanza la ndege wa matopeni nililowahi kulitazama kwa karibu nililikuta chini ya soli ya gambuti langu. Ilikuwa mwezi wa saba, mpunga umeshavunwa, nami natembea juu ya tuta la jaruba upande wa Ubaruku, kwenye tambarare ya Usangu wilayani Mbarali, huku darubini iko machoni, nikimfuata yangeyange aliyekuwa mbali kabisa. Nikasikia kitu kimepasuka. Yalikuwa manne, sasa yamebaki matatu, na mama yao anazunguka juu ya kichwa changu akipiga kelele ambazo nilikuwa nimezisikia dakika tano nzima bila kuzitilia maanani. Mzee mwenye jaruba alikuja, akatazama chini, akatazama lile darubini langu. "Mwanangu," akasema, "ndege anatagia chini, wewe unatazama juu."

Mwongozo huu ni namna ya kutorudia kosa langu. Ndege ninaowazungumzia ni wale wenye miguu ya kutembelea kwenye maji mafupi na tope, wanaotaga chini au kwenye majani yanayoelea. Wengi wao hapa kwetu huitwa kwa pamoja "ndege wa majini" na basi, kwa hiyo nitawataja kwa sura na sauti zao, na pale inapohitajika kwa jina la kitaalamu ili uweze kumtafuta kwenye kitabu au kwenye simu.

Kwanza: soma maji kabla ya kusoma kalenda

Ukifungua maelezo ya watazamaji wa ndege wa Ulaya utaambiwa uende Aprili na Mei, majira ya kuchipua, kila ndege anaimba na kujenga. Kwao ni kweli, kwa sababu baridi ikiisha wadudu hutoka wote kwa mpigo na mchana hurefuka. Kwetu Nyanda za Juu Kusini mchana haubadiliki sana. Tuna kifuku kimoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, kisha kiangazi kirefu. Kinachomwambia ndege wa matopeni kwamba sasa atage ni maji: yanapanda au yanashuka?

Wapo wanaotaka maji yashuke. Hawa hutaga kwenye tope lililokauka juu, kwenye mchanga, kwenye majani mafupi yaliyoliwa na ng'ombe. Wakati wao mkubwa ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba hivi, kabla mvua hazijarudi kuvigharikisha viota vyao. Wapo wanaotaka maji yajae na mimea iote ndani yake, maana kiota chao kinaelea au kimefichwa kwenye nyasi zilizosimama majini. Hao wafuate kuanzia Januari hadi Mei. Na wapo wa mlimani, ambao nitawafikia nikipanda Kitulo.

Njia rahisi ya kujua uko kwenye awamu ipi ni kuchomeka kijiti ukingoni mwa maji na kukirudia baada ya wiki. Kama maji yameondoka hatua mbili tatu na kuacha tope lenye unyevu, tembea kwa hadhari zaidi kuliko siku zote, maana wanaotaga kwenye nchi kavu wako kazini au wanakaribia kuanza. Kwenye skimu za umwagiliaji kuna jambo la ziada: maji hayafuati mvua, yanafuata banio, yaani lango la kuingizia maji mferejini. Mkulima akifungulia maji jaruba lililokuwa kavu wiki tatu, viota vyote vya sakafuni vinazama kwa nusu saa. Kwa hiyo uliza zamu za maji. Yule anayeshika zamu mfereji wa pili atakueleza mengi kuliko utabiri wa hali ya hewa.

Sasa kuhusu wageni. Kati ya Agosti na Aprili utaona vitwitwi wengi, wadogo, wa rangi ya udongo, wakidonoadonoa kwenye kila dimbwi. Wengi wamekuja kutoka kaskazini mwa Ulaya na Siberia. Usipoteze muda kutafuta viota vyao, hawatagi hapa. Lakini watazame vizuri kuanzia mwishoni mwa Machi, wakati wanapobadilisha manyoya kujiandaa na safari. Yule mwenye madoa meupe mgongoni na miguu ya manjano-kijani, Tringa glareola, ambaye Januari alikuwa amepauka, anakuwa na madoa yaliyokolea kabla ya kuondoka. Ile ndiyo "spring" yao, inaanzia kwenye majaruba ya Mbarali.

Pili: chagua mahali panapolingana na miguu yako

Usangu ndiyo kitovu. Mito inayoshuka kutoka milima ya Kipengere na Uporoto, Mbarali, Kimani, Chimala na mingine, pamoja na Ndembera unaotokea upande wa Iringa, yote hukutana kwenye tambarare ile na kulisha dimbwi la Ihefu. Maji ya Ihefu hutokea kwenye kizingiti cha miamba pale Ng'iriama, ndipo Ruaha Mkuu unapoendelea kupita hifadhini, kwenda Mtera na Kidatu. Kizingiti hicho ni kama mdomo wa beseni: maji ya Ihefu yakishuka chini yake, mto wa mbele unakauka hata kama beseni bado lina maji. Ndivyo ilivyoanza kutokea mwaka 1993, Ruaha Mkuu ukakatika ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Sehemu kubwa ya Usangu iliingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008, kwa hiyo kuingia Ihefu yenyewe kunahitaji kibali, malipo kwa kumbukumbu namba na gari la kueleweka. Huko hakuna kutembea kwa miguu bila askari wa hifadhi. Viboko, mamba na tembo hawajui kwamba wewe umekuja kwa ajili ya ndege.

Kwa anayeanza, mimi nasema achana na Ihefu kwanza. Nenda kwenye majaruba. Panda basi la barabara kuu ya Makambako–Mbeya, shuka Igawa, Chimala au Igurusi, au ingia Rujewa na Ubaruku, na ndani ya mwendo wa bodaboda utakuwa katikati ya ndege. Ukiwa Iringa, Bwawa la Mtera kwenye barabara ya Dodoma linafaa sana kiangazi, maji yanapojivuta na kuacha ufuko mpana wa tope. Mufindi kuna bwawa la Ngwazi, lina bata na ndege wa kwenye matete kuliko wa matopeni, lakini ukiwa uko kule kwa shughuli zako lipitie.

Na mabonde yenye vinyungu, yaani bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi, kuanzia Iringa hadi Njombe, usiyadharau. Bonde la upana wa uwanja wa mpira, lenye chemchemi na matuta ya mahindi ya kiangazi, linaweza kuwa na jozi moja ya ndege wanaorudi kila mwaka. Jozi moja unayoijua vizuri ina faida kwako kuliko kundi la mia unalolipita na gari.

Tatu: vifaa, kwa ufupi isipokuwa darubini

Kofia, maji ya kunywa, nguo za rangi ya udongo au majani, kigoda kidogo cha kukalia, daftari na penseli. Penseli, kwa sababu kalamu ya wino na umande havipatani. Magambuti ni lazima majarubani na siyo kwa ajili ya tope tu: maji yaliyotuama yana kichocho, na kwenye nyasi za matuta kuna nyoka. Ukienda Kitulo ongeza koti zito. Uko mita 2,600 juu ya usawa wa bahari na asubuhi za Juni na Julai kuna sakitu.

Darubini ndilo la kujadili. Iliyoandikwa 8x42, yaani inakuza mara nane na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42, inatosha kabisa. Watu hukimbilia namba kubwa, 20 kwa 50, kisha mikono inatetemeka na ndege anacheza ngoma ndani ya kioo. Ukinunua ya mtumba, ijaribu hivi: tazama kibao cha duka kilicho mbali kwa macho yote mawili kwa dakika nzima. Kama herufi zinajigawa mara mbili, au kichwa kinaanza kuuma, vioo vimepishana; irudishe. Kisha igeuze, chungulia kwa upande wa mbele huku unaelekeza kwenye mwanga. Ukiona kitu kama utando wa buibui ndani, huo ni ukungu ulioota kwenye kioo, hautoki kwa kufuta. Mikwaruzo midogo ya nje haina neno.

Kwenye simu, programu ya Merlin husaidia kutambua ndege kwa picha. Kwa sauti za ndege wa kwetu usiiamini peke yake. Na tafadhali, usicheze sauti ya ndege kwa spika ili aje. Ndege anayeatamia akisikia mwenzake kando ya kiota anaacha mayai juani kwenda kupigana na mtu asiyekuwepo.

Nne: omba njia kwa wenyeji, hasa kwa wanaoamia

Mtu anayezunguka na darubini kwenye mashamba ya watu anatia shaka. Atadhaniwa mpima ardhi, au mtu wa ofisi ya bonde la maji aliyekuja kukagua mabanio, au mwizi wa ng'ombe. Salimia kwanza. Upande wa Iringa na Njombe "kamwene" hufungua mlango haraka kuliko kitambulisho. Majarubani jieleze kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa mwenye shamba mwenyewe.

Halafu tafuta wanaoamia ndege. Mpunga unapoanza kutoa mashuke, watoto na wakina mama hushinda shambani na kombeo, makopo na kamba za kutikisa, wakifukuza kwelea kwelea tangu alfajiri hadi jua lizame. Watu hawa hutazama ndege saa kumi na mbili kwa siku, miezi miwili mfululizo. Wanajua yupi anakula mpunga na yupi anakula konokono, na yupi ametaga kwenye tuta lipi. Swali langu la kwanza kwao huwa hili: "Mama, kuna ndege gani anayekupigia kelele wewe ukipita?" Jibu lake ndilo ramani ya viota.

Wakati wa kwelea kwelea uliza pia kama sumu imepigwa karibuni. Ndege ya kunyunyizia dawa ikipita, usiingie eneo lile, na ukiona ndege wamekufa au wanayumba usiwaguse wala usimruhusu mtu kuwachukua kwa mboga. Toa taarifa kwa ofisa kilimo wa kata.

Tano: kaa chini, umwache ndege akueleze

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Wengi huanza kwa kutafuta kiota. Geuza: tafuta ndege, na kiota utakijua bila kukikaribia.

Fika mapema, saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni nzuri, na uwe umeondoka kwenye eneo la viota kabla ya saa nne. Sababu ni jua. Yai lililo juu ya tope jeusi la Usangu, mchana wa Septemba, bila mzazi juu yake, linaiva. Utakuta ndege amesimama juu ya mayai badala ya kuyalalia, mabawa yameachiwa kidogo: anayawekea kivuli. Baadhi ya hawa huenda majini wakalowesha manyoya ya tumbo, kisha wakarudi kuyapoza mayai. Ukimkalisha mbali robo saa kwa ajili ya picha, umemharibia.

Weka kigoda hatua mia moja hivi kutoka mahali unapoona ndege amekaa kama mwenye shughuli, jua likiwa mgongoni pako. Usifanye lolote kwa dakika ishirini. Sijui niseme mara ngapi: usifanye lolote. Dakika tano za mwanzo ndege wote wanakushughulikia wewe. Baada ya hapo wanarudi kwenye mambo yao, na ndipo unaanza kuona.

Ndege aliyetaga chini harukii kwenye kiota chake wala hatoki kwa kuruka. Hutua mbali, hujifanya anakula, hutembea hatua tatu, husimama, hutazama pembeni kama asiye na haraka, kisha ghafla anazama chini na kutikisa tumbo kulia na kushoto. Ule mtikisiko ndio mayai yanawekwa sawa kwenye ngozi ya tumbo. Umeshapata kiota, na hujasogea hata hatua moja. Alama yake ni kichuguu kilicho nyuma, au kinyesi cha ng'ombe kilicho kushoto. Andika hivyo, usiende kuhakikisha.

Ziko ishara nyingine za kukwambia umekosea mahali pa kukaa. Akizunguka juu yako akipiga kelele bila kukoma, uko ndani ya eneo lake. Rudi nyuma mpaka kelele zipungue. Akianza kukushukia kichwani, uko karibu sana, na pengine vifaranga wako miguuni pako. Akiburuta bawa moja chini kama limevunjika, huku akikimbia mbele yako taratibu, usimfuate na usimhurumie: anakuvuta mbali na mayai. Nilipokuwa mdogo tuliwahi kumfukuza mmoja hivyo mpaka ng'ambo ya bonde, tukidhani tumepata kitoweo. Alipoona tumefika mbali vya kutosha akaruka kama vile hakuna kilichotokea.

Kuna mwenye hila zaidi, ambaye hulala mahali pasipo na chochote na kujifanya anaatamia. Ukimwona ndege amelalia mahali tofauti mara tatu ndani ya dakika kumi, anakuchezea. Ondoka.

Ukilazimika kupita, pita kwenye njia inayotumiwa na watu kila siku, macho chini, darubini imening'inia shingoni. Unataka kutazama? Simama. Unataka kutembea? Shusha darubini. Mambo hayo mawili hayafanywi pamoja, nililipa yai kujifunza hilo.

Sita: utakaokutana nao

Wa kwanza kabisa atakuwa yule aliyeniadhibu mimi, Vanellus armatus. Mweusi, mweupe na kijivu kwa mapande makubwa, paji jeupe, miguu mirefu myeusi, na sauti ya chuma kwa chuma, tin-tin-tin, mfano wa nyundo ndogo ya mhunzi. Hata wazungu wamempa jina la uhunzi. Hutaga mayai matatu au manne kwenye kishimo kidogo tu alichokikwangua, yamepangwa ncha zikielekea katikati. Baba na mama hupokezana kwa karibu mwezi mzima. Ana mwiba kwenye kiwiko cha bawa na anajua kuutumia.

Ndugu yake Vanellus crassirostris ana uso na koo vyeupe, kisogo cheusi, na vidole virefu vya kumwezesha kutembea juu ya mimea inayoelea. Mtafute panapobaki maji mwaka mzima. Wa tatu, Vanellus albiceps, ana ngozi za manjano zinazoning'inia usoni, naye ni wa fukwe za mchanga za Ruaha Mkuu, mto unapokuwa mwembamba.

Kisha kuna kadogo, kenye mistari myeusi na meupe kichwani na kifua cha rangi ya maziwa ya chai, kanakokimbia, kusimama, kukimbia. Kwenye kitabu kitafute kwa jina la Kittlitz. Hutaga mayai mawili, na ukimkaribia, kabla ya kuondoka huyafukia kwa mchanga akitumia miguu kwa sekunde chache tu. Unapita, unaona mchanga mtupu. Ni ndege wa kukufanya uogope kila hatua unayopiga ufukweni Mtera, na ndivyo inavyotakiwa.

Mwenye miguu mirefu ya waridi isiyolingana na mwili wake hutakosea. Wala yule wa rangi ya udongo mwenye koo la manjano hafifu lililozungushiwa uzi mweusi, anayeruka kama mbayuwayu lakini anatagia chini kwa makundi kwenye tope lililopasukapasuka. Ukikuta kundi lake, usilikatize katikati kwa hali yoyote.

Usiku ukilala Rujewa na kusikia kilio kinachopanda kisha kufifia kando ya maji, huyo ni chekeamwezi, mwenye macho makubwa ya manjano. Mchana hulala chini ya kichaka, na ni mara chache kumwona kabla yeye hajakuona.

Kwenye kifuku watafute wawili ambao mambo yao ya nyumbani yamepinduliwa. Mmoja ni wa rangi ya kahawia-nyekundu, shingo nyeupe, kigao cha buluu kwenye paji, Actophilornis africanus, anayetembea juu ya majani ya mayungiyungi. Mke ana waume kadhaa. Hutaga mayai manne yanayong'aa kama yamepakwa vanishi, akaondoka. Mume huatamia peke yake, na hatari ikija huwabeba vifaranga chini ya mabawa, ukaona miguu yao mirefu inaning'inia ubavuni kama vijiti. Mwingine hujificha kwenye kingo za mpunga zenye nyasi, ana mduara mweupe kuzunguka jicho ulionyooka nyuma kama miwani. Aliyepambwa rangi kali ni jike, na dume aliyepauka ndiye mlezi.

Korongo taji si wa kundi hili kwa ukoo, lakini huatamia kwenye nyasi za majini palepale. Tangu 2012 amewekwa kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini kutoweka, na sababu mojawapo ni watu kuchukua vifaranga wakafugwe uani. Kwake kaa mbali mara mbili ya wengine. Akinyoosha shingo na kukutazama bila kushuka tena, hapo ulipo ni karibu mno.

Saba: Kitulo ni habari nyingine

Kutoka Chimala unapanda kona hamsini na saba hadi Matamba, na masikio yakiziba ujue unaelekea sawa. Hifadhi ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005, ina kilomita za mraba zipatazo 413, na watu huijua kwa maua, ndiyo maana huitwa Bustani ya Mungu. Nenda kati ya Desemba na Machi. Mvua itakunyeshea, ndiyo bei yake.

Huku kuna sululu, mwenye mdomo mrefu wa kuchimbia matope, Gallinago nigripennis. Hutamwona majanini hata akiwa hatua tatu. Msubiri jua likishazama, kando ya bonde lenye maji, utasikia mngurumo wa kutetema juu angani ukija na kuondoka. Siyo koo linalotoa sauti ile, ni manyoya ya mkia anayoyatandaza wakati anashuka kwa kasi.

Na yuko mbayuwayu wa buluu, Hirundo atrocaerulea, ambaye si wa matopeni lakini huwezi kupanda Kitulo ukamwacha. Mwili wote ni buluu inayokaribia weusi, mkia una nyuzi mbili ndefu. Huja kwenye nyanda hizi kutaga wakati wa mvua, kisha hurudi kaskazini kuelekea pande za Ziwa Victoria. Kiota chake hukibandika ndani ya shimo ardhini, mara nyingi lililochimbwa na muhanga au lililobomoka lenyewe. Kwa hiyo shimo lolote unaloliona nyikani usichungulie, usiingize fimbo, usisimame juu ya ukingo wake. Kaa kando, ukiona ndege amezama ardhini kama jiwe, umeshaliona lililokuleta.

Nane: ukikuta umeshaingia kiotani

Inatokea. Simama palepale, tazama miguu yako pande zote, kisha rudi kwa nyayo zako zilezile. Usiinue yai, usilihesabu kwa kidole, usichomeke kijiti wala kufunga kitambaa kuweka alama. Kunguru na mwewe wanakutazama wewe zaidi ya unavyowatazama wao; wakiona umeinama mahali watakwenda kuuliza ulikuwa unafanya nini. Mbwa watafuata njia ya harufu yako, ndiyo sababu mbwa wako abaki nyumbani. Picha ya mayai usipandishe mtandaoni, na ukitaka kupandisha ya ndege, zima kwanza kitufe cha simu kinachoonyesha mahali ulipo (location).

Kifaranga ukimkuta peke yake kwenye tope, amejilaza bapa kama jiwe, hajaachwa. Vifaranga hawa hutoka kiotani muda mfupi baada ya kukauka, wanakimbia na kujilisha, na mzazi akitoa mlio wa hatari hulala chini. Mwache, utembee. Kumchukua, au kuchukua mayai, ni kosa pia chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009.

Kama shamba ni lako

Mkulima anaweza kuokoa kiota kwa gharama ya hatua tatu za ardhi. Ukigundua ndege ametaga kwenye tuta, mwambie anayelima na pawatila aache kipande hicho mpaka mwisho. Wakati mwingine wiki mbili zinatosha. Ukitaka kufungulia maji, anza na jaruba lisilo na kiota. Mfugaji anayeshusha ng'ombe kunywa, awapitishe kwenye njia moja ileile kila siku, maana ndege hujifunza njia hiyo na kutaga pembeni. Ng'ombe wenyewe si adui: majani wanayoyafupisha ndiyo baadhi ya ndege hawa wanayoyataka. Shida ni kundi kubwa linalotawanyika ufukweni Agosti. Na zile mita 60 kutoka kingo za mto ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza kuendeshea shughuli za kibinadamu, pale zinapoheshimiwa, nimeona zikijaa ndege bila mtu yeyote kuwapandia kitu. Najua wenye vinyungu wana neno la kusema juu ya hilo, na si neno dogo.

Mwisho: andika siku hiyohiyo

Tarehe, saa, mahali, maji yako wapi ukilinganisha na kijiti chako, idadi, na ndege alikuwa anafanya nini. "Anaatamia" andika tu kama umemwona akilala na kutikisa tumbo. Vinginevyo andika "anapiga kelele" au "anaburuta bawa". Mahali pa kiota pataje kwa jina la kijiji, usipeleke zaidi ya hapo. Rekodi zako zinaweza kuingia eBird, tovuti ya kumbukumbu za watazamaji wa ndege, au kwenye atlasi ya ndege wa Tanzania, na kila Januari kuna sensa ya ndege wa majini inayofanyika nchi nyingi kwa wakati mmoja. Wanaojua kuhesabu majarubani wanatakiwa.

Ukurasa wangu wa Agosti mwaka jana unasema hivi: "Ubaruku, mfereji wa pili, saa 12:50 asubuhi. Maji yameshuka hatua nne tangu Jumapili. Mhunzi wawili, mmoja amelala kushoto kwa kichuguu, mwingine kwenye tuta. Vifaranga sijaona. Mzee amehamisha njia ya baiskeli."